Mkate wa Mwaloni: Mazungumzo Juu ya Waluri na Milima Yao

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Bagamoyo mbele ya walimu wa historia, wanafunzi wao na wazee wa mji. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, hasa mliotoka Kaole na jua hili, maana kabla sijakaa chini nitawarudisha Kaole kwa njia ya mzunguko kidogo.

Sisi tunaofundisha historia ya pwani tuna kurasa zetu tunazozipenda. Miongoni mwake ni zile za Ibn Batuta, alipoteremka na kaskazi mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Tunazisoma, tunatunga mtihani, tunafunga kitabu. Nimefanya hivyo miaka mingi. Kisha siku moja, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilirudi nyuma mpaka mwaka 1327. Nikamkuta msafiri wetu huyuhuyu akiwa kijana wa miaka 23, hajaijua bado bahari yetu, anapanda milima akitoka Basra kwenda Isfahan. Yuko katika nchi ya watu wanaoitwa Waluri. Anasema milima ile ina miti mingi ya mwaloni, na wenyeji husaga matunda yake wakapata unga, wakaoka mkate.

Nilikaa na sentensi ile siku nzima. Mwaloni tunaujua kwa kuusikia tu. Wasomaji wa Biblia mnaukumbuka ule ulioshika kichwa cha Absalomu. Tunda lake ni dogo kama kokwa ya tende iliyonenepa, gumu, na chungu kiasi cha kufunga ulimi. Nani alikuwa wa kwanza kulitazama akasema hiki ni chakula? Na alikijaribu mara ngapi kabla hajafanikiwa? Hapo ndipo nilipoanza kuwatafuta Waluri, na sijaacha mpaka leo.

Wanaishi magharibi na kusini-magharibi mwa Iran, katika safu ya milima ya Zagros, ambayo imejikunja kama mkeka uliosukumwa kutoka pembeni, mkunjo nyuma ya mkunjo, kwa zaidi ya kilomita 1,500. Mji wao unaotajwa zaidi ni Khorramabad, makao makuu ya mkoa wa Lorestan. Lakini nchi yao ni pana kuliko mkoa huo. Wamo Ilam, wamo Chaharmahal na Bakhtiari, wamo Kohgiluyeh na Boyer-Ahmad, na katika sehemu za Khuzestan na Fars. Kilele cha juu kabisa cha safu nzima, Dena, kinapita mita 4,400. Kwa mliofika Arusha, ni pungufu kidogo tu ya Mlima Meru, ila chenyewe kinalala na theluji miezi mingi. Kutoka Zardkuh, mlima wa Wabakhtiari, tawi kubwa la Waluri, unatoka mto Karun, mrefu kuliko yote ya Iran. Kiluri ni ndugu wa karibu wa Kifarsi, na ndani yake mna lahaja nyingi. Walaki walio kaskazini wana usemi wao, na wataalamu bado wanabishana kama waupange na Kiluri au na Kikurdi. Waluri wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shia. Wamo pia, hasa miongoni mwa Walaki, wafuasi wa Yarsan, dini ya zamani yenye nyimbo zake na kinanda chake cha tamburi.

Kuna neno nililolikuta mara nyingi katika maandishi ya wageni juu ya watu hawa. Neno lenyewe ni kwamba wao ni wahamaji, na kwa kuwa wahamaji, eti hawana historia. Historia iko mijini, Isfahan na Shiraz, na milimani kuna majambazi na mbuzi. Sisi watu wa pwani hatuna budi kulisikia neno hilo kwa sikio la uchungu, kwa sababu kwa muda mrefu tuliambiwa la kufanana nalo: kwamba kila jiwe lililosimama Kilwa au Gedi liliwekwa na mtu kutoka ng'ambo. Ndiyo sababu nimeyaleta mambo haya hapa.

Basi tuanze na mapango. Mwaka 2025 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mapango matano na kivuli kimoja cha mwamba katika bonde la Khorramabad. Watu wameishi humo tangu zaidi ya miaka 60,000 iliyopita: kwanza Waneanderthali, binadamu wa aina ya kale waliokwisha kutoweka, kisha watu kama sisi. Na katika Zagros hiyohiyo, huko Ganj Dareh upande wa Kermanshah, umepatikana ushahidi wa kale sana wa mbuzi kufugwa, wa miaka kama 10,000 iliyopita. Mbuzi wenu wanaotembea pale nje, wakila mabango ya uchaguzi, babu zao wa mbali walizoeshwa mkono wa binadamu katika sehemu zile za dunia. Kwa hiyo anayesema milima ile haina historia ajue kwamba anakanyaga moja ya sakafu za kale kabisa za maisha tunayoishi.

Sasa, kuhama. Nataka tuelewane vizuri hapa. Mluri mfugaji hakuwa mtu wa kutangatanga. Alikuwa na nchi mbili, na njia moja kati yake. Nchi ya joto, garmsir, iko chini, kando ya tambarare za Khuzestan. Humo mifugo ilipata nyasi wakati wa baridi. Nchi ya baridi, sardsir, iko juu, nyuma ya vilele. Huko ndiko nyasi huchipuka theluji inapoyeyuka. Wabakhtiari walipopanda majira ya machipuko walilazimika kuuvuka Karun ukiwa umefura, wakitumia vyelezo vilivyofungwa juu ya ngozi za mbuzi zilizojazwa pumzi, kisha waukwee Zardkuh ungali mweupe, watoto mgongoni, kuku juu ya mizigo, ndama mikononi. Kila ukoo ulijua siku zake na kivuko chake. Ukichelewa, nyasi zimeliwa na wenzako. Ukiwahi, njia imefungwa na theluji. Hiyo ni kalenda, mabibi na mabwana, ila imeandikwa kwa miguu.

Hema lao ni jeusi, limefumwa kwa singa za mbuzi na wanawake wa nyumba. Singa zikilowa hufura na kuziba matundu, mvua haipiti; zikikauka hulegea, hewa inapita. Mahema machache yanayohama pamoja huitwa mal. Na hapa kuna jambo lililonigusa. Wabakhtiari wanapopanga nasaba zao, kutoka kabila kushuka hadi familia, kuna daraja wanaloliita tash, na maana yake ni moto: watu wa moto mmoja. Sisi tunasema ukoo, kisha mlango. Fulani na fulani ni wa mlango mmoja. Wao wanahesabu kwa moto, kwa sababu moto unabebeka na mlango haubebeki. Shikeni jambo hilo la mlango, nitalirudia.

Nirudi kwa Ibn Batuta. Mji aliofika unaitwa siku hizi Izeh. Yeye aliuita Idhaj. Wakati huo nchi ya Waluri iligawanyika mara mbili. Luri Kubwa, upande wa kusini, ilitawaliwa kutoka Idhaj na nasaba ya Hazaraspi, na mtawala aliitwa Atabeki, cheo chenye asili ya Kituruki. Luri Ndogo, upande wa Khorramabad, ilikuwa na Maatabeki wake wengine. Anatuambia kwamba Atabeki Ahmad wa Idhaj alijenga zawiya 460, nyumba za ibada na za kupokea wageni, katika nchi yake, 44 kati ya hizo mjini Idhaj penyewe, na kwamba aligawa mapato mafungu matatu: fungu la zawiya, fungu la askari, fungu la nyumba yake. Msafiri alitembea siku kumi katika milima mirefu, na kila jioni akakuta mahali pa kulala na chakula cha wapita njia. Yaani milima hiyohiyo iliyokuja kuitwa maficho ya majambazi, karne ya 14 ilikuwa inamlisha mgeni kila jioni.

Halafu anaeleza msiba. Mtawala wa wakati ule anamtaja kwa jina la Afrasiyab, na mwana wa mtawala huyo alifariki msafiri akiwa mjini. Akaingia barazani akakuta wakubwa wa nchi wamevaa magunia na matandiko ya wanyama, wamejimwagia vumbi na majani makavu vichwani, wengine wamejikata nywele za mbele ya paji, wanapiga vifua na kulia. Yeye mwenyewe alishangaa. Hakuwahi kuona matanga ya namna ile. Baadaye akamkuta mtawala na vyombo viwili vya kunywea kileo vimefunikwa, kimoja cha dhahabu na kimoja cha fedha, na kijana huyu mgeni akathubutu kumwambia kwamba hakuna la kumlaumu ila hivyo. Mtawala akaona haya. Ujasiri ule unanishangaza kila nikiusoma, lakini kinachonivuta zaidi ni yale magunia na vumbi.

Kwa nini? Kwa sababu havijaisha. Siku ya Ashura, Washia wanapomlilia Imam Husein, mjini Khorramabad wanaume huingia katika madimbwi ya udongo uliotiwa marashi ya waridi, wakajipaka kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha wakajikausha kwenye moto. Katika misiba ya Waluri wanawake wamekuwa wakikata nywele zao kwa ajili ya marehemu, na farasi wa marehemu akifunikwa kitambaa cheusi na kutembezwa bila mpandaji. Waimbaji wa kike huanzisha maombolezo, beti baada ya beti, wakimtaja marehemu kwa mto wake, bunduki yake, njia aliyokuwa akiipita. Ibn Batuta aliandika mara moja akaenda zake. Wao wamekumbuka karibu miaka 700 bila kuandika. Mwalimu akiniuliza wahamaji huhifadhi historia wapi, mojawapo ya majibu yangu ni matanga yao.

Na muziki wake mnaujua, msidhani hamuujui. Mpulizaji wa Kiluri anapuliza sorna, na pembeni yake anapigwa dohol, ngoma kubwa ya pande mbili. Sorna ni ndugu wa zumari yetu: ulimi wa unyasi unaotetemeka mdomoni, bomba la mti linalopanuka mwishoni, na mashavu yasiyopumzika. Harusini linachezesha duara la watu walioshikana mikono; msibani mpigaji huyohuyo hupiga polepole mtindo wanaouita chamari, na watu wazima hulia kabla neno halijasemwa. Nyumbani wanalo kamancheh, kinanda cha kusugua kwa uta, ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2017 kama urithi wa Iran na Azerbaijan. Na mwaka wao mpya ni Nauruzi, siku ambayo bahari ilituletea na sisi tukaifanya yetu. Waulizeni watu wa Makunduchi.

Sasa twendeni Kaole.

Mliokulia hapa mnajua makaburi yale ya nguzo. Mnajua kwamba katika nguzo na kuta zake kuna vishimo vya duara, na katika vishimo hivyo yalikaa mabakuli ya kauri kutoka China. Mabakuli mengi hayapo. Kilichobaki ni umbo lake katika chokaa. Nilipokuwa kijana niliingiza ngumi katika kishimo kimoja, nikaona aibu ambayo sikuweza kuieleza. Mwenye bakuli lile leo anasema ana kauri ya Kichina. Hajui lilikuwa linamtazama nani kaburini, wala lilielekea upande gani.

Yaliyowakuta Waluri ni hayo, mara elfu. Kati ya takriban mwaka 1000 na 650 kabla ya Kristo, watu wa mabonde ya Lorestan walifua shaba nyeusi kwa ustadi ambao bado unawashangaza mafundi. Walitengeneza lijamu za farasi zenye wanyama pembeni, shoka zenye simba kwenye shingo, pini zenye vichwa vya duara vilivyochorwa nyuso, na sanamu ndogo za mtu aliyesimama kati ya wanyama wawili, amewashika shingo, kama bwana wao. Walizikana nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 vitu hivi vilianza kumiminika sokoni. Wakulima maskini walichimba makaburi, madalali wakanunua, na baada ya miaka michache makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani yalikuwa yamejaa shaba za Lorestan. Zinapendeza kwenye kioo, nakubali. Lakini nyingi mno hazijulikani zilitoka kaburi gani, la mwanamume au mwanamke, zimelala kichwani au miguuni. Zimekuwa bubu.

Tofauti yake iko mahali pamoja panapoitwa Surkh Dum-e Luri. Mwaka 1938 mwanaakiolojia Erich Schmidt alifukua hapo akaandika alichokiona, akakuta jengo la ibada ambalo ndani ya kuta zake zimechomekwa pini. Watu walikuja na pini zao, wakazichomeka ukutani kama nadhiri. Fikirini: pini ileile, ikiuzwa sokoni ni pambo, ikikutwa ukutani ni ombi la mtu. Baadaye, kuanzia 1965 hadi 1979, Louis Vanden Berghe alifanya kazi ya subira nyuma ya mlima Kabirkuh, kaburi baada ya kaburi, na mengi tunayoyajua juu ya tarehe za shaba hizi yametokana na jasho lile. Wanafunzi, nawaombeni jambo moja. Mkiona kitu cha kale shambani kwenu, msikiinue. Mwiteni mtu wa kukipima palepale kilipo.

Juu ya falme nitapita haraka, maana vitabu vinazo. Maatabeki wa Kubwa walikwisha mwaka 1424. Wale wa Ndogo walidumu hadi Shah Abbas wa Isfahan alipomaliza utawala wao mwishoni mwa karne ya 16, akaweka mahali pao magavana waliorithishana cheo cha wali. Karne ya 18 milima hii ikatoa mtawala wa karibu Iran yote: Karim Khan, wa ukoo wa Zand unaohesabiwa miongoni mwa Walaki na Waluri. Alitawala hadi alipofariki 1779, akakaa Shiraz, na hakujiita shah, yaani mfalme. Alijiita wakili, wakili wa raia. Ni jina la unyenyekevu kwa mtu aliyeshika karibu nchi nzima, na Wairani bado wanamkumbuka kwa wema. Lakini haki isemwe pande zote. Mwaka 1775 nduguye aliuzingira mji wa Basra, na Imam Ahmad bin Said wa Oman alituma merikebu kuusaidia mji ule. Huyo Imam ndiye babu wa Sayyid Said, aliyekuja kuhamishia makao yake Unguja. Kwa hiyo mabaharia wa Oman na wapanda farasi wa Zagros wamewahi kuelekezeana mizinga.

Kisha yakaja mafuta. Tarehe 26 Mei 1908, Masjed Soleyman, katika malisho ya baridi ya Wabakhtiari, kisima kilifoka. Yalikuwa mafuta ya kwanza ya kibiashara katika Mashariki ya Kati nzima. Makhani, yaani wakuu, wa Wabakhtiari walikuwa wameshatia saini mwaka 1905 mkataba wa kulinda wachimbaji kwa malipo na sehemu ya hisa, asilimia 3. Mbuzi aliyekuwa akilisha pale hakupewa asilimia, wala mchungaji wake. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1909, wapanda farasi wa Kibakhtiari wakiongozwa na Sardar Asad waliingia Tehran pamoja na jeshi kutoka kaskazini, wakamwondoa shah aliyelipiga bunge mizinga. Dada yake Sardar Asad, Bibi Maryam, alishika silaha katika harakati zile, na akaacha kumbukumbu za maisha yake ambamo analia juu ya hali ya wanawake wa nchi yake. Nawaambia wasichana mlio hapa, tafuteni habari za mwanamke huyo.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ule mlango.

Miaka ya 1920 Reza Khan, aliyekuwa shah mwaka 1925, aliamua kuifunga nchi yote katika mkono mmoja. Akapeleka majeshi Lorestan. Jemadari aliyeongoza kazi ile, Amir-Ahmadi, ameachwa katika kumbukumbu za Waluri kwa jina la mchinjaji. Wakubwa wa makabila walinyongwa, bunduki zikakusanywa. Kisha ikaja amri ya kuwakalisha wafugaji chini kwa nguvu, na amri hiyo ilikuwa na jina: takhta qapu, maana yake mlango wa mbao. Aliyekuwa mtu wa moto mmoja sasa alitakiwa awe mtu wa mlango mmoja, mlango wa kweli, wenye bawaba. Mahema meusi yalipigwa marufuku, mavazi ya kikabila yakakatazwa, njia za kuhama zikafungwa na askari.

Nini kilitokea? Kundi lililokuwa likipanda mlimani wakati wa joto lilibaki bondeni likafa kwa joto. Lililozuiwa juu lilikufa kwa baridi. Nyumba zilijengwa mahali pasipo maji. Watu waliokuwa wakiacha uchafu wao nyuma kila baada ya wiki chache walikaa nao, wakaugua. Wale waliotoa amri hawakuwa wajinga wote, wengine walitaka shule na hospitali zifike. Lakini waliitazama kalenda ile niliyowaambia, ile ya miguu, wakaona fujo. Reza Shah alipoondolewa mwaka 1941, familia nyingi zilitoa mahema yaliyofichwa, na majira yaliyofuata zikapanda tena. Hebu fikirini hema lililokunjwa miaka hiyo yote gizani, na mwanamke aliyelifunua akakagua kipande kwa kipande ni wapi nondo wamekula.

Wakati huohuo ilijengwa reli, kutoka Bahari ya Kaspi hadi Ghuba, kilomita 1,394, kazi ya miaka 1927 hadi 1938. Kipande kigumu kuliko vyote kinapita Lorestan, kati ya Dorud na Andimeshk, handaki baada ya handaki juu ya mto. Mwaka 2021 nayo iliingia Urithi wa Dunia, na inastahili. Siku hizi Waluri wengi wanakaa mijini, wanasoma vyuo vikuu, wanafanya kazi kwenye mafuta. Wanaohama bado wapo, wengi wao wakipakia mbuzi kwenye malori.

Waliokufa wamebaki milimani. Katika makaburi ya Wabakhtiari shujaa alisimamishiwa simba wa jiwe, mwenye upanga umechongwa ubavuni. Kwenye makaburi ya Lorestan utakuta mawe yenye mpanda farasi, na kwa wanawake kitana, mkasi na vifaa vya kufumia. Asiyejua kusoma anaweza kulisoma kaburi la bibi yake. Hayo nayo ni maandishi, kama zilivyo nguzo zetu.

Na mwaloni? Nimeuacha mwisho kwa makusudi. Ule mkate bado upo, Wabakhtiari na jirani zao wa Kohgiluyeh wanauita kalg. Matunda huokotwa vuli, hukaushwa, hupasuliwa ganda. Ndani kuna ngozi nyembamba, jaft, inayotumika kulainisha na kukaza ngozi za viriba, haipotei bure. Kiini husagwa, kisha unga huachwa kwenye maji yanayotiririka mpaka uchungu utoke. Akina mama mliowahi kulowesha mihogo michungu mnaijua subira hiyo, na mnajua hatari ya kuharakisha. Ndipo unakandwa na kutandazwa juu ya chuma cha moto, ukatoka mweusi na mzito. Ulikuwa chakula cha miaka ya njaa, na cha maskini, na wapo walioona haya kusema walikulia humo. Mimi nauheshimu kuliko taji lolote la Atabeki. Hakuna dalali aliyeutaka, kwa hiyo hakuna aliyeuiba, na ndiyo maana tunaweza kuusoma kwa Ibn Batuta kisha tukaukuta jikoni.

Lakini miti yenyewe inaumwa. Misitu ya mwaloni ya Zagros ina hekta kati ya milioni 5 na 6, na kwa miaka kama 20 hivi imekuwa ikikauka, eneo baada ya eneo. Ukame umeidhoofisha, vumbi limeziba majani, bungu anatoboa shina, kuvu anamfuata, wachoma mkaa wanamaliza. Chini ya miti watu wanalima, kwa hiyo mche hauna pa kuota. Mwaka 2020 moto uliwaka siku nyingi katika milima ya kusini, na wanavijiji waliipanda kuuzima moto kwa matawi na majembe. Wapo wanaotumia vuli yao kutembea na mifuko ya kokwa, wakizifukia moja moja kwenye miteremko kabla theluji haijafika. Mwaloni hukua polepole sana. Msichana wa miaka kumi anayeifukia kokwa yake vuli hii atakuwa na wajukuu kabla mti huo haujatoa unga wa mkate mmoja, na bado anafukia.

Nimesema mengi. Naona mkono umenyooshwa pale nyuma tangu nilipotaja Kaole. Karibu, mwanangu, simama tukusikie.